Maswali ya Wasomaji: Robespierre Alikuwa na Cheo Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila ninaposoma habari za Mapinduzi ya Ufaransa, Maximilien Robespierre hutajwa kuwa dikteta aliyeitawala nchi kwa gilotini, ile mashine ya kukatia vichwa. Je, alikuwa rais, waziri mkuu au kamanda wa jeshi? Na ndiye aliyeuanzisha Utawala wa Hofu, yaani kipindi cha 1793–1794 ambacho walioonekana maadui wa Mapinduzi walikamatwa na kuuawa kwa wingi?

JIBU: Ndugu msomaji, Robespierre hakushika hata kimoja kati ya vyeo ulivyovitaja. Alikuwa wakili kutoka Arras, mbunge wa Konvensheni, yaani bunge lililoufuta ufalme mwaka 1792, na kuanzia tarehe 27 Julai 1793 akawa mjumbe wa Kamati ya Usalama wa Umma. Kamati hiyo ilikuwa imeundwa Aprili mwaka huohuo, Ufaransa ikipigana na Austria, Prussia, Uingereza na Hispania huku eneo la Vendée likiwa limeasi. Wajumbe wake walifikia 12, mamlaka yao yakiidhinishwa upya na Konvensheni kila mwezi, na mambo ya jeshi aliyasimamia zaidi Lazare Carnot.

Hayo hayamwondolei lawama. Sheria ya tarehe 10 Juni 1794, iliyowanyima washtakiwa mawakili na kuiachia Mahakama ya Mapinduzi hukumu mbili tu, kuachiwa huru au kifo, aliitetea yeye mwenyewe bungeni. Vilevile, Saint-Just, mjumbe mwenzake wa Kamati, alipomshtaki Georges Danton, kiongozi mwingine wa Mapinduzi aliyeuawa tarehe 5 Aprili 1794, alitumia maelezo aliyoandaliwa na Robespierre. (Na Robespierre huyuhuyu ndiye aliyeliomba bunge la mwaka 1791 lifute adhabu ya kifo!)

Hata hivyo, Utawala wa Hofu hakuuanzisha yeye peke yake: Mahakama ya Mapinduzi ilianzishwa Machi 1793, kabla hajaingia kwenye Kamati, na Sheria ya Washukiwa ya tarehe 17 Septemba, iliyoruhusu kukamatwa kwa walioshukiwa kuwa maadui wa Mapinduzi, ilipitishwa na Konvensheni. Tena, kati ya watu wapatao 17,000 waliohukumiwa kifo na kuuawa, waliouawa Paris ni takribani 2,600. Wengine walifia mikoani, ambako wajumbe waliotumwa na bunge walikuwa na mamlaka makubwa mno. Huko Nantes, Jean-Baptiste Carrier aliwazamisha wafungwa katika mto Loire, akaitwa arudi Paris Februari 1794 baada ya wakala wa Kamati kumwandikia Robespierre kumlalamikia.

Kwa maoni yangu, jina la dikteta lilimganda kwa sababu lilikuwa na faida kwa waliompindua tarehe 27 Julai 1794, siku moja kabla ya kuuawa kwake. Collot d'Herbois, aliyesimamia mauaji ya Lyon, na Billaud-Varenne walikuwa wajumbe wenzake wa Kamati, hivyo walihitaji mtu mmoja wa kubebeshwa damu ya wote. Hila hiyo haikuwafikisha mbali: Carrier alikatwa kichwa Desemba 1794, na mwaka uliofuata Collot na Billaud wakahamishiwa Guyana ya Kifaransa, koloni la Ufaransa huko Amerika Kusini.