Degedege la siku ya tatu, na swali la ndizi

SWALI: Asalam aleikum mwalimu. Mie niko Wete, nimejifungua mtoto wa kiume, siku ya tatu tu akashikwa na degedege, anakakamaa, anabadilika rangi, kisha inamuachia ananyonya kama hapakuwa na kitu, na homa hana. Mama mkwe akasema ni jini la ukoo maana baba yake nae alipozaliwa alikuwa hivohivo akazinguliwa akapona. Tukaenda mpaka Dar akapimwa damu, tukaambiwa ni chaneli za potasiamu kwenye neva, jeni inaitwa KCNQ2, tukapewa dawa ya maji. Sasa ana miezi miwili na wiki ya tatu hii haijamrudia. Wifi yangu kasoma kwenye simu kuwa potasiamu iko kwenye ndizi na madafu, anataka nimpe. Nimpe? Na hizo chaneli ndo kitu gani?

JIBU: Waaleikumu salaam mwanangu, na hongera ya mtoto. Ndizi usimpe, dafu usimpe, mtoto wa miezi miwili ni ziwa lako na dawa alioandikiwa basi. Wifi yako ana nia njema lakini kakosea pahala pamoja, potasiamu mtoto anayo tele, kilichoharibika ni mlango wake. Ni kama ghala limejaa karafuu mpaka darini, mlango umekwama, wewe unaleta magunia mengine. Tena potasiamu ikizidi kwenye damu ya kichanga inaharibu mapigo ya moyo, kwa hiyo hili sio la kujaribu.

Sasa chaneli, ndo hiyo milango. Kila seli ya neva imezungukwa na utando, ndani yake potasiamu ni nyingi mara 30 na zaidi kuliko nje, nje ndo kumejaa sodiamu, yani kama punje ya chumvi katikati ya bahari ya chumvi nyengine. Neva ikitaka kupeleka habari milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inaingia mbio na umeme wake, ndani ya elfu moja ya sekunde hivi seli imewaka. Nani anaizima? Milango ya potasiamu! Inafunguka, potasiamu inatoka, seli inatulia inasubiri zamu nyengine. Sodiamu ndo stata, potasiamu ndo breki. Na ule mlango unaotengenezwa kwa jeni ya KCNQ2, yani maelekezo ya mwili anayorithi mtoto kwa wazazi, ni breki ya taratibu, kazi yake kuizuia seli isiwake tena na tena. Breki ikilegea, seli nyingi zinawaka kwa pamoja, na hilo ndo degedege uliloliona.

Haya yalijulikana kwa ngisi, ndio, ngisi huyuhuyu tunaempika kwa nazi. Ana uzi mmoja wa neva mnene kufika karibu milimita 1, unauona kwa macho, unaweza kuuchomeka waya. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliupima umeme wake na wakatoa hesabu zao mwaka 1952, tuzo ya Nobel wakapata 1963. Mlango wenyewe hawajauona, waliuhesabu tu. Wa kuuona umbo lake ni Roderick MacKinnon wa Marekani, 1998, kwa mionzi ya eksirei na chaneli alioitoa kwenye bakteria, na Nobel ya kemia akapewa 2003.

Alichokikuta mie hunipendeza mpaka leo, nilikuwa nikiwahadithia wanafunzi skuli. Sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu, sasa vipi kubwa ipite ndogo izuiwe? Kumbe chembe hizi hutembea zimejivika maji, na mlangoni lazima zivue, kama viatu mlango wa msikiti. Potasiamu ikivua, kuta za mlango zina oksijeni zilizokaa kwa kipimo chake hasa, zinaipokea kama vile bado iko ndani ya maji. Sodiamu ni ndogo, kuta hazimfikii, haoni faida ya kuvua, anabaki nje.

Na mlango ukizibwa kwa makusudi? Yule nyoka wa kijani wa mwambao wetu anaekaa juu ya miti, Dendroaspis angusticeps, kwenye sumu yake mna kitu kinachoziba baadhi ya milango hii, neva zikakosa breki na misuli ikawa inatetemeka yenyewe. Kuna watu wengine wamezaliwa na hitilafu ya mlango jirani, KCNA1, akishtuka au akikimbia anapepesuka kama mlevi kwa dakika chache kisha yuko sawa. Wengine ni KCNQ1, huo ni wa moyo, mapigo yanakwenda mrama. Milango ni mingi, binadamu ana jeni zaidi ya 70 za kazi hii.

Rudi kwa mwanao. Kwa kuwa baba yake nae alikuwa nayo na akakua salama, hii inaelekea kuwa ile aina ya kifamilia, ambayo kwa wengi huacha yenyewe kabla ya mwaka, ingawa wachache hurudiwa na kifafa baadae. Ipo aina kali pia inayorudisha nyuma akili ya mtoto, kwa hiyo kliniki usikose, na dawa usikate kwa kuwa tu katulia, mpaka daktari aseme.

Mama mkwe umwambie ni jeni sio jini, ila umwambie kwa adabu maana kuhusu ukoo yeye ndo kasema kweli. Kila mimba yenu ni nusu kwa nusu mtoto kurithi. Muulize mumeo lilimwanza siku ya ngapi, likaacha mwezi gani, na kama kuna ami au shangazi aliekuwa nalo, uyaandike kwenye daftari la kliniki.