Maji safi kupita kiasi yaliniulia viluwiluwi

Asubuhi ya siku ya 9 tangu watotolewe, niliwasha taa nikakuta viluwiluwi wangu wa chewa, yaani samaki wachanga kabisa, wametanda chini ya tangi kama vumbi. Jana yake jioni walikuwa wanakula vizuri. Wachache waliobaki walizunguka juu ya maji kama pia, matumbo hayana kitu. Nami nilikuwa nimefuata kila nilichofundishwa: maji ya bahari nimeyachuja, nimeyatia klorini, nimeiondoa kwa thayosalfeti, matangi nimeyasugua mpaka yakang'aa. Kwa hasira, kundi lililofuata nikaongeza klorini mara mbili. Wakafa siku ya 7.

Ilinichukua muda kukubali kwamba kosa lilikuwa hapo hapo kwenye usafi. Maji uliyoyaua bakteria wote ni shamba lililofyekwa likaachwa wazi: kinachoota kwanza ni magugu. Ukishatia viluwiluwi na chakula chao, wanaowahi kujaa ni bakteria wanaozaana haraka, na jamii ya Vibrio ni hodari kwa hilo. Wale wapole, wanaokua polepole, ambao wangegombania chakula nao, umeshawamaliza kwa mkono wako.

Siku hizi nayapevusha maji. Baada ya kuyasafisha, nayapitisha siku kadhaa kwenye tangi lenye vipande vya plastiki vilivyoota utando wa bakteria, bila kutia chakula chochote, ndipo yaende kwa viluwiluwi. Na tangini natia mwani mdogo tangu siku ya kwanza. Usisubiri mpaka waanze kula, kwa sababu kiluwiluwi wa baharini hunywa maji kabla hajala chochote. Chumvi ya nje humkausha, lazima afidie. Bakteria walio majini hufika tumboni kabla ya rotifa wa kwanza, yule mdudu mdogo wa majini tunayewaanzishia kula.

Halafu kuna atemia, vijidudu vya maji ya chumvi vya jamii ya kamba tunavyovitotolesha kuwalisha viluwiluwi, na hapa ndipo wengi tunajiloga wenyewe. Yai la atemia likipasuka humwaga gliseroli, na gliseroli kwa Vibrio ni karamu. Ongeza joto la nyuzi 28, hewa inayobubujika na saa 24 za kusubiri, kisha jiulize umefuga nini: katika mililita moja ya maji yale bakteria wanaweza kufika milioni 10. Mimi zamani nilikuwa nachota na ndoo, namimina tangini na maji yake. Najionea aibu hata kuandika. Sasa naondoa ganda la mayai kwa dawa ya klorini kabla ya kuyatotolesha, wakitoka nawamwaga kwenye wavu na kuwasuuza kwa maji safi mpaka povu liishe. Wakishalishwa mafuta ya kuwanenepesha nawasuuza tena, maana mafuta nayo hulisha bakteria. Wanaosubiri mlo unaofuata nawaweka kwenye baridi. Rotifa vivyo hivyo.

Antibiotiki nimejaribu. Vifo vilipungua siku chache, vikarudi na dawa haikufua dafu tena. Nilikuwa nimefyeka shamba mara ya pili na kubakiza sugu tu. Chanjo nayo ingoje, kinga ya kiluwiluwi haijakomaa kuweza kuitumia.

Ukiweza, pata sahani za TCBS, zile za maabara za kuoteshea Vibrio. Makoloni ya njano au ya kijani hayakuambii nani muuaji, kwani Vibrio wengi hawana madhara. Ninachoangalia mimi ni sehemu yao katika bakteria wote wa majini. Wakianza kushika nafasi kubwa, napunguza chakula na kufyonza uchafu wa chini mara mbili kwa siku, maiti zikiwemo.

Na kila tangi lina mpira wake wa kufyonzea, umefungwa kamba ya rangi yake. Niliwahi kumkuta kijana wetu akifyonza matangi manne kwa mpira mmoja, akiimba, akianzia na lile lililokuwa na vifo.