Barua kwa mwanangu: Kupunguza rasimu yako ya Owino

Mwanangu,

Nimeisoma rasimu ya siku yako ya kwanza kuuza mitumba katika soko la Owino, Kampala. Umeuliza utatoaje maneno 450 ili yabaki 650 wanayotaka wafadhili wa masomo, na hadithi isife.

Kwanza usiguse tahajia wala mkato. Ukianza huko utaipamba aya ambayo kesho yake unatakiwa kuifuta, na ukishaipamba utaionea huruma. Kuondoa "sana" na "kwa kweli" nako kutakupa maneno hamsini, sitini, basi. Hayo 450 yamo kwenye aya nzima nzima.

Pembeni ya kila aya andika kwa kifupi: hapa panatokea nini? Isiyo na jibu iondoke. Aya zako mbili za mwanzo ni maelezo ya soko na msongamano wa paki ya teksi. Hadithi inaanza ya tatu, mteja anaporudisha suruali iliyotoboka. Anzia hapo. Ulizozitoa zihifadhi kwenye faili nyingine, maana ile sentensi ya mvua juu ya mabati utaihitaji katikati.

Safari ya kutoka Mukono umeipa nusu ukurasa, mzozo na mteja mistari minne. Geuza. Safari sentensi moja inaitosha. Kwenye mzozo ndipo ukae: alisema nini, alikuonyesha tundu namna gani, wauzaji wa jirani walinyamaza au walicheka?

Umeandika, "Nilihuzunika sana, nikakata tamaa." Msomaji haoni kitu. Chini yake umeikunja noti ya elfu tano ukaificha ndani ya soksi. Hiyo yatosha, ile ya juu futa.

Nyakati nazo zinayumba: "nilifika, nikapanga", mara "nasimama, naita wateja". Fungua tukio kwa -li-, liendeleze kwa -ka-.

Aya ya "nilijifunza kwamba maisha ni safari" itoe yote, angeweza kuiandika mtu yeyote. Malizia pale mteja anapoondoka.

Iache siku mbili, kisha isome kwa sauti. Ulimi ukijikwaa tia alama, uendelee, marekebisho baadaye. Tahajia ndiyo ya mwisho.

Halafu shangazi yako umemtaja kwa jina, na deni lake juu. Muombe ruhusa kabla hujatuma. Akikataa, toa deni. Mzozo wa suruali haulitegemei.

Mama yako