Mwalimu mpya wa batoto, anza na moto na sambaza

Kwenu benye mnaanza kufundisha batoto wadogo hapa Goma, kama munataka bacheze na maneno ya maana mbili, musiwaletee mifano ya mu dikshonari. Mimi nilianza na mbuzi, mbuzi mnyama na mbuzi ya kukunia nazi, kalasi yote ikanyamaza, nani huku kwetu anakunaka nazi? Mtoto anapashwa kuwa na zile maana mbili tayari mu kichwa, kama moja unamufundisha saa ileile hakuna mchezo tena.

Kesho yake nikaandika ku ubao "Moto imezimika". Ni moto ya makala ya kupikia, ao ni moto ya taksi, ile pikipiki? Kelele ikaanza, kila mtu na jibu yake! Kisha "Mama, sambaza sambaza", na pale unyamaze kabisa, wacha bapigane nayo benyewe mupaka mmoja aseme ya kwanza ni kazi, ya pili ni samaki ya Ziwa Kivu. "Papa amepanda" pia ni nzuri, amepanda maharagi ao amepanda moto? Na papa gani, wa nyumbani ao yule wa Roma mwenye alifika Kinshasa 2023?

Lakini mfano wenye napenda sana ni ndege. Sisi tunasemaka "ndege imetua" tu, na hapo hakuna mwenye anajua. Sasa waambie batoto batenganishe: ndege huyu ametua, ndege hii imetua. Ngeli, ile kitu wanachukiaga, wanaiona inafanya kazi mbele ya macho yao, na mimi sijapata njia ingine inayoshinda hiyo.

Tena usiache luga za nyumbani inje ya mlango. Mtoto wa Kinyarwanda anajua umuryango ni familia na ni mlango, maandishi ni moja lakini sauti inapanda na kushuka tofauti, Kiswahili haina ile. Yule mtoto ana sikio tayari, mupe nafasi aeleze wenzake.

Majina ya batoto musiyachezee, hata kama kalasi inacheka, kuko mmoja anaumia.

Na musieleze haraka. Ngojea. Kwangu ilichukua wiki mbili, kisha msichana mmoja wa nyuma, mwenye hasemaki, akainua mkono: "Mwalimu, dawa iko ku meza, nikuye niimeze?"