Maswali ya Wasomaji: Kijiji Kilichochongwa Mwambani

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ameniambia kuwa nchini Iran kuna kijiji ambacho nyumba zake zimechongwa ndani ya mwamba. Je, ni kweli, na watu huishi humo mwaka mzima? Mama wa Himbi, Goma.

JIBU: Mama mpendwa, mwanao amesema kweli. Kijiji hicho ni Meymand, mkoani Kerman, na tangu mwaka 2015 kimo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mwamba wake haufanani na mawe yetu ya Nyiragongo, ambayo humtoa fundi jasho. Ni laini, nao wenyeji huuita kamar. Lakini hawakai humo mwaka mzima. Ni wafugaji na wakulima, kwa hiyo majira ya machipuko na ya mapukutiko hufuata malisho milimani, wakikaa katika makambi ya muda, na baridi kali inapoingia hushuka bondeni, wakaingia katika vyumba hivyo ambavyo kuta zake zimekuwa nyeusi kwa masizi ya moto. Binafsi, huko kuhama kwao kunanigusa kuliko mapango yenyewe, kwa kuwa ndiko kunakowawezesha kufuga katika nchi kame kiasi hicho.