Bangkok Peke Yako: Anza na Salamu

Juzi msomaji mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Dada, nimejichanga, nataka kwenda Bangkok mwenyewe, ila mama analia. Wewe uliwezaje?" Ujumbe ule nimeurudia mara tatu, maana mama yangu naye alilia. Alinishika mkono uwanja wa ndege akaniuliza, ukifia huko nani atakuzika? Wiki iliyopita nimerudi kutoka safari yangu ya tatu, mzima, na mzigo wangu kamili. Kwa hiyo ninachosema nimekipitia.

Safari ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Siku nne nilikuwa natoka hotelini Pratunam, mtaa wa maduka ya nguo, nanunua nguo, narudi, nafunga mlango, nakula mkate na biskuti. Chakula chao nilikiogopa, watu niliwaogopa, hata kuuliza njia niliogopa. Siku ya tano nikajikaza kwenda kuona Kasri la Kifalme. Sijafika getini, bwana mmoja aliyevaa nadhifu akaniambia kwa upole kwamba leo kumefungwa, kuna ibada, akaniitia bajaji ya bei rahisi inizungushe. Ikanizungusha: duka la vito, duka la suti, duka la vito tena. Kumbe kasri lilikuwa wazi. Mpaka leo nikiukumbuka ule upole wake, roho inaniuma. Ukiambiwa kumefungwa, nenda mpaka getini ukaone kwa macho yako.

Aliyenibadilisha ni mama muuza som tam, ile kachumbari ya papai bichi, kwenye kichochoro nyuma ya hoteli. Ana kinu cha udongo na mchi wa mbao. Anaanza na kitunguu saumu na pilipili, anatia karanga, maharage mabichi marefu yaliyokatwakatwa, nyanya, ndimu, papai mwishoni, huku mkono mmoja unatwanga na mwingine unageuza kwa kijiko. Siku zote nne nilimpita kimya. Kwetu ukimpita mtu mzima bila salamu wanasema hukulelewa. Sijui nani aliniambia ugenini adabu hiyo inakoma.

Siku ya sita nikasimama: "Sawatdi kha, pa." Pa ni mama mkubwa. Wathai ni kama sisi, mtu huitwa kwa umri wake: aliyekuzidi kidogo ni phi, mdogo wako ni nong, mzee wa kiume ni lung. Hiyo kha ni ya mwanamke, mwanamume husema khrap. Mama yule aliuacha mchi ndani ya kinu, akacheka, akanifutia kigoda cha plastiki kwa aproni yake. Akanyoosha vidole: pilipili ngapi? Nikaonyesha kimoja. Akatia mbili. Kesho yake aliniona kwa mbali akapaza sauti, "Kin khao rue yang?", umeshakula wali? Ndivyo wanavyojuliana hali. Nilitokwa na machozi, na si ya pilipili.

Mimi ni Mwislamu, nikamwambia "mai sai mu", usitie nguruwe. Akanielekeza mtaa wa Ban Krua, vituo viwili kwa boti kutoka Pratunam. Huko wapo Waislamu wenye asili ya Cham, watu wa upande wa Kambodia na Vietnam, waliokaa hapo tangu enzi za Mfalme Rama wa Kwanza wa Thailand na kujulikana kwa kufuma hariri. Nilisali adhuhuri, nikala wali kwa kuku, nikaona nimefika kwa watu.

Na hiyo boti ya mfereji wa Saen Saep usiikose. Konda anatembea ukingoni, kwa nje, helmeti kichwani, mkono mmoja kamba, mwingine nauli. Pembeni kuna turubai lenye kamba. Boti nyingine ikipita, maji machafu yanaruka, na aliyekaa pembeni ndiye anayevuta. Mimi sikujua, nikawalowesha watu. Lung mmoja akanishikisha kamba mkononi, akanionyesha. Khop khun kha, lung, yaani asante, mzee. Kuanzia hapo nilivuta mpaka mwisho wa safari, na kila nikivuta walio nyuma yangu wananiitikia kwa kichwa.

Sitakuficha: kwenye treni ya juu, mara mbili nimekaa na mtu wa kando akahama. Mara ya kwanza nilirudi chumbani nikalia. Mara ya pili nilimgeukia bibi aliyebaki nikamsalimia, akanionyesha picha za wajukuu mpaka kituo chake. Salimia, dada. Salimia anayeuza, salimia anayefagia, salimia kwanza hata kama bei huitaki. Sisi wanawake tumetishwa dunia mpaka tunaipita tumeinamisha kichwa, halafu tunasema watu wa huko hawana utu. Utu utauonaje na wewe umefunga mdomo?

Mama mwachie namba ya hoteli na umpigie kila jioni. Wangu alitulia siku ya tatu. Ukishakata tiketi niandikie, nikuelekeze kichochoro cha pa. Fika kabla ya saa nane mchana, papai humwishia mapema.