Barua kwa mwanangu: zile kanda ulizoniuliza

Assalam alaikum mwanangu,

Nimeiona meseji yako ya juzi usiku, ile ya "mama nipe albamu za zamani, za ajabu ajabu, zile watu washazisahau, mana simu inanichagulia nyimbo zile zile nshachoka". Nlitaka nikujibu kwa voisi lakini watoto wa dada yako wamelala hapa sebuleni, na mie nikianza maneno ya kanda sauti inapanda yenyewe, basi nakuandikia. Utasoma kidogo kidogo ukiwa kwenye daladala.

Kwanza ujue siye hatukua na albamu, tulikua na kanda. Albamu ina jalada, ina picha, nyuma imeandikwa nani kapiga nini, hicho kitu Chake Chake hatukukijua. Kanda ilikua hivi: mtu kairekodi kwenye redio Sauti ya Tanzania Zanzibar ilipopiga taarab usiku, au kairekodi harusini redio kaseti imewekwa juu ya kiti mbele ya wapigaji, alafu mwengine karekodi kwa yule, na mwengine tena kwa yule, mpaka inafika nyumbani kwetu ishakua na mvumo nyuma ya mwimbaji kama mtu anakaanga dagaa. Juu yake imeandikwa kwa peni "taarab nzuri", basi, hayo ndo maelezo yote. Ndo mana ukiniuliza jina la wimbo mara nyingi silijui, nnazijua beti zake. Na betri zikichoka tunazianika juani juu ya ukuta, zinapata uhai wa nyimbo mbili tatu, alafu mwimbaji anaanza kuimba kama kalishwa kungu.

Sasa nyimbo za taarab ya zamani ndefu, robo saa si ajabu, na upande wa kanda ya dakika 60 ni nusu saa tu. Kwa hivo wimbo wa mwisho lazima ukatike. Tulikua na moja ya Ikhwani Safaa, klabu ya taarab ya Unguja, nimeikariri tangu sijaolewa, mwimbaji anaingia beti ya mwisho, fidla zinamjibu, anavuta pumzi, tak! Mkanda umekwisha. Miaka thelathini na kitu mie najua wimbo ule unaishia pale. Nikiuimba jikoni nnaishia pale pale, wewe mwenyewe ulikua unacheka.

Nimekutajia hilo kwanza kwa sababu nnakujua, wewe ukipewa wimbo dakika mbili tu ushasogeza mbele. Hizi ntakazokutajia usisogeze. Ukisogeza bora usisikilize kabisa.

Anza na isiyokua na mwimbaji. Iko moja inaitwa Bashraf, wameipiga Culture, yani Culture Musical Club, wale wa Mila na Utamaduni pale Vuga ambao klabu yao imeanza 1958. Ni ala tupu mwanzo mpaka mwisho. Bashraf ndo ile inayopigwa kabla mwimbaji hajakaa, watu bado wanaingia, wanawake wanatafutana viti, na jina lenyewe limetoka kwa Waturuki likapita Misri likafika kwetu. Siku zote tulikua tunaipigia kelele, mana huo ndo wakati wa kuangaliana nguo. Basi hebu isikilize bila ya nguo za watu. Sikiliza ganuni, ile ya nyuzi nyingi inayolazwa, inavotangulia, kodiani, kinanda cha kuvutwa, inavofuata nyuma kama mtu mnene anapanda ngazi, na fidla zile zote zinapiga sauti moja lakini hazilingani sawa sawa, kila mmoja kaingia nukta yake. Kijana mmoja hapa mtaani anasoma muziki aliniambia ati zile fidla haziko sawa. Nikamwambia ndo tamu yake hiyo, zikiwa sawa kabisa inakua kinanda cha betri.

Alafu nenda kwenye kidumbak, na hapa nitakaa kidogo.

Kidumbak ni ndugu masikini wa taarab. Taarab unakaa kitini, unanyanyuka kwa madaha unakwenda kutunza, noti mkononi, unarudi. Kidumbak hukai. Hakuna ganuni wala udi, hizo ghali. Kuna vidumbak viwili, ngoma ndogo, vya kupigwa na mtu mmoja, kuna mkwasa, vijiti vya kugonganisha, kuna cherewa za kutikisa, fidla moja, na kuna sanduku, na sanduku mwanangu ni sanduku kweli, boksi la chai limegeuzwa juu chini, limefungwa kamba kwenye fimbo, mpigaji anaivuta fimbo huku anaidonoa kamba, inatoka besi inayokupiga tumboni. Nyimbo zenyewe zinaibwa huko huko kwenye taarab, zinaunganishwa moja kwa nyengine bila ya kusimama, zinaanza polepole alafu zinapanda, zinapanda, mpaka wanawake uwanjani viuno haviko kwao tena. Bibi yako alikua anasema kidumbak si cha watoto wa watu. Mie na shangazi yako tulikua tunapitia nyuma ya banda la kuku la jirani tukatazame, na siku moja nimerudi na kinyesi cha kuku kwenye buibui jipya, bibi yako hakuuliza kitu, aliinusa tu.

Sasa kuna rekodi yake, Kidumbak Kalesa, ya miaka ya 90, Culture hao hao, na Makame Faki anaimba, yule waliemwita Sauti ya Zege. Jina limemfaa mana sauti yake kama imechanganywa kokoto. Mie sijui rekodi nyengine yoyote inayofanana na hii. Ukiiweka hapo ofisini Dodoma weka kwa sauti ndogo, au funga mlango.

Kuhusu zile zenye majalada, mwaka 1988 kampuni moja ya London, GlobeStyle, ilianza kutoa mfululizo wa taarab ya Unguja, Music of Zanzibar, ziko nne. Ya kwanza ina majina mawili, Seif Salim na Abdullah Mussa Ahmed. Ya pili Ikhwani Safaa, hao wengine tukiwaita Malindi, klabu ya tangu 1905. Ya nne Culture. Wazungu hawa nawashukuru kwa jambo moja tu, waliacha wimbo ufike mwisho. Kama huna muda wa zote nne, chukua ya pili. Mie nna ubaguzi hapa nakiri, Culture wengi na wana nguvu, lakini Ikhwani wana lile jambo la kutokua na haraka, kama watu ambao washakula tayari.

Na usinikasirikie kwa kutokuanza na Bi Kidude. Najua kila anaeuliza taarab anapelekwa kwake, na haki yake, marehemu, kafariki 2013, na alisimama jukwaani mpaka uzeeni. Ile ya kwake kwenye mfululizo wa Wafaransa, Zanzibara, namba 4, nzuri sana, isikilize. Ila watu wamemfanya kama picha ya kuweka ukutani, bibi kizee na sigara yake, hawasikilizi tena anavotafuna maneno. Yeye alikua ni mtu wa unyago na msondo, ngoma za kuwafunda wari, kabla ya mengine yote, na ukisikia ngoma ile ndo utajua kwa nini hata akiimba taarab anaimba kama anakugombeza.

Kabla yake yuko Siti binti Saad, lakini huyo si albamu, ni santuri moja moja. Alitoka Fumba, mtoto wa vyungu na ukindu, mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi, na akina Maalim Shaaban, Subeti, Buda na Mbaruk. Santuri zile kila upande dakika tatu hivi, na watu walikua wamezoea kukesha nae. Utasikia anavokimbia. Utafute Kijiti, ule wa yule muuaji aliekimbilia bara wakafungwa mashahidi. Santuri inakwaruza mpaka utadhani mvua, vumilia, mara ya tatu masikio yanazoea.

Marehemu baba yako, Allah amrehemu, yeye hakua mtu wa hizi. Mama yake wa Tanga, na majahazi ya Wete na Tanga siku zile yalikua kama daladala, basi yeye na Black Star tu, klabu ya taarab ya Tanga. Siku za mwanzo za ndoa tuligombana kwa hilo kuliko pesa. Mie nikisema hii si taarab hii ni dansi imevaa kanga, gitaa la umeme hilo, gitaa la besi, na yeye ananambia we umezoea kulala. Sasa nakubali alikua na haki nusu. Iko albamu inaitwa Nyota, GlobeStyle walikusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star wa Tanga, ikatoka 1989. Sauti za wanawake mle zimekaa mbele, kali, Shakila alikua mtu wa klabu hizo, na gitaa linazunguka kama nzi kwenye haluwa. Hii ndo nnayoiweka nikimkumbuka. Siwezi kuiweka mara mbili kwa siku.

Mombasa pia wapo, ntapita haraka mana nishaanza kusinzia. Mtindo wa Mombasa ya Zein Musical Party, ya 1990, huyu Zein mtu wa Lamu, udi wake unasema peke yake. Na Mombasa Wedding Special ya Maulidi Musical Party, hiyo ya kuchekesha kidogo, Kihindi na Kiswahili vimeoana ndani mle, muziki wa filamu za Kihindi tuliokua tunalilia nao sinema umekaa kwenye mashairi ya harusi. Watu wa taarab safi wanainunia. Mie nnaosha nayo vyombo.

Na kwa vile uko Dodoma, nakupa moja ambayo si ya kwetu kabisa. Chibite, ya Hukwe Zawose, 1996, Mgogo jirani zako hao. Mjomba wako aliileta kwenye sidii tukamcheka, tukasema mwenzetu kapotea. Ilimba zile, vyuma vidogo vingi juu ya ubao, zinalia kama maji yanayopita kwenye mawe, na sauti yake inapanda juu kuliko ya mwanamke alafu inashuka chini ya sakafu. Ukiisikia mchana hutoielewa. Isikilize usiku kukiwa na upepo wa huko kwenu mnaoulalamikia.

Usiniulize za rusha roho, taarab ya kisasa ya mipasho, za East African Melody na waliofuata, hizo unazijua, umezaliwa ndani yake, kila harusi ya mtaa umelala juu ya viti na spika inakupigia. Si mbaya, mie nilicheza sana. Lakini si za kusahaulika hizo, watu bado wanarushiana.

Sasa nikwambie jambo sijakwambia. Ile linki uliyonitumia Ramadhani ilopita, ukaandika "mama hii si ile yako ya jikoni?", nliifungua nikiwa napika mbatata za urojo. Mwimbaji si yule wa redio yetu lakini wimbo ndo ule ule, Ikhwani. Nikawa naimba nae, tukafika beti ya mwisho, fidla zikajibu, akavuta pumzi, na mie nikanyamaza kwa mazoea. Yeye akaendelea. Akaimba beti nzima mwanangu, beti ambayo sijawahi kuisikia maisha yangu, na kumbe ndo inayojibu mambo yote ya juu, kumbe yule anaelalamikiwa wimbo mzima ndie anaeimba. Miaka yote hiyo nikimlaani mtu mwengine. Mbatata zikaungua chini, dada yako akaja mbio anadhani nimepata habari ya msiba.

Kanda yenyewe bado ipo, kabatini kwenye kopo la biskuti, pamoja na vyeti vya baba yako. Kuna mtu aliiazima akakaa nayo mwaka mzima akairudisha haina kibandiko, lakini mkanda mzima. Redio ya kuipigia ndo sina. Ukija Idi nitafutie redio yenye mlango wa kaseti, hata mtumba, na usinunue mpya za Kichina zinatafuna. Nataka niisikie tena pale inapokatika.

Mama yako